Unga wa Magoti

Kama kuna watu waliochukiana kwa bidii pale mtaa wa Shauri Moyo, ni Truphena na mke wa mwanawe. Wengine huchukiana kwa vipindi, wakachoka, wakaombana chumvi. Hawa wawili hawakupumzika. Truphena alimkataa Ndanu tangu siku ile Willis alipomleta nyumbani, kwa kosa la kuzaliwa Kitui badala ya Siaya. Ndanu naye, baada ya kupika ugali unaoitwa mbichi na kufua mashuka yanayoitwa machafu mwaka hadi mwaka, alikuwa ameacha kutafuta kupendwa. Alichotaka ni kubaki na ndoa yake tu. Truphena alitaka kuiona ndoa hiyo ikivunjika, na hakumficha mtu.

Nyumba ya Truphena ilikuwa chumba kimoja, zile nyumba za zamani za kaunti, kilichogawanywa kwa pazia la maua. Upande wa mlango palikuwa na viti, kabati na jiko. Upande wa pili palikuwa na kitanda. Kwa mila ya Wajaluo, mke wa mwana hapiti kule anakolala mama mkwe wake wala hagusi kitanda chake. Akipita anaita chira, ugonjwa wa laana unaomkausha mtu mpaka akaisha. Siku ya kwanza kabisa Truphena alimshika Ndanu mkono, akamsimamisha mbele ya pazia.

"Nyar Kamba," alimwambia, maana hakuwahi kumwita kwa jina, alimwita binti wa Ukambani tu, "dunia yako inaishia hapa."

Ndanu alikuwa fundi wa kurekebisha mitumba katika soko la Gikomba. Kila asubuhi alitoka kwake Mbotela kwa miguu, akapita Shauri Moyo kumpikia mama mkwe uji na kumfagilia, kisha akaenda kwenye cherehani yake. Kazi hiyo ya asubuhi alijitwika wakati magoti ya Truphena yalipovimba hata akawa anakwenda msalani kwa kushika ukuta. Siku hizo, tuseme ukweli, mama alitia huruma. Alilia akiinuka, akalia akikaa, na kati ya kuinuka na kukaa akamtukana Ndanu.

Halafu magoti yakapona. Hayakupona polepole kama magoti ya watu wengine. Wiki moja Truphena alikuwa anabebwa, wiki iliyofuata alikuwa anaruka na ngoma katika kanisa lao dogo la mabati, kanzu nyeupe ikipepea. Kanisa hilo halinywi dawa. Hospitali kwao ni udhaifu wa imani, na dawa ya mitishamba ni mbaya zaidi. Basi Truphena alisimama mbele ya watu, akashika maikrofoni, akatoa ushuhuda kwamba ameponywa kwa maombi peke yake. Mchungaji Odera alilia machozi. Watu waliamini. Hata mwili wake ulishuhudia: uso ulijaa ukawa duara, mashavu yakang'aa, tumbo likaja mbele, nyama ikakaa mabegani nyuma ya shingo. Wamama wa kanisa wakamsifu Bwana kwa kumnenepesha mtumishi wake.

Ndanu hakusifu kitu. Yeye ndiye aliyekuwa akiishi na huyo mponywa. Truphena hakulala tena. Ukifika alfajiri unamkuta amehamisha kabati. Alikula kama mtu aliyetoka jela. Hasira yake ya zamani ilikuwa na breki, hii mpya haikuwa nayo. Alimrushia Ndanu mwiko wa moto kwa sababu uji ulikuwa na donge. Na ngozi ya mikono yake ilikuwa imekuwa nyembamba, akigonga kidogo tu kwenye meza panabaki alama ya zambarau.

Siri Ndanu aliipata kwa macho yake. Asubuhi moja upepo uliinua pazia, akamwona Truphena ameketi kitandani, kopo la zamani la siagi mapajani, analamba kijiko cha unga wa kijivu. Alilamba, akafumba macho, akafunika kopo, akalisukuma chini ya godoro. Kisha akatoka mbele akiimba wimbo wa kushukuru uponyaji.

Ndanu aliutambua unga ule. Gikomba nzima iliujua. Kuna mzee aliyeuza karibu na vibanda vya viatu, akipiga kelele kwamba ni mizizi ya mlimani, dawa ya magoti, mgongo na pumu. Ndanu angeweza kucheka, akaenda zake. Lakini Jumapili iliyotangulia Truphena alikuwa amemnyooshea kidole kanisani na kusema kwamba tumbo la mke wa Willis halishiki mtoto kwa sababu moyo wake haushiki imani. Alisema hivyo kwenye maikrofoni. Willis aliinamisha kichwa akatazama viatu vyake. Kidonda hicho kilikuwa bado kibichi.

Basi siku Truphena alipokwenda kwenye matanga ya jirani, Ndanu alifagia mpaka kwenye pazia, akasimama, akasikiliza, kisha akapita. Alitia mkono chini ya godoro la mama mkwe wake. Alilichukua kopo, akaumwaga unga wote mtaroni, akaosha, akajaza majivu ya jiko yaliyochungwa vizuri na unga wa wimbi kidogo kwa ajili ya rangi. Akarudisha kopo mahali pake.

"Sasa magoti yarudi," alisema peke yake. "Tuone maombi yatafanya nini."

Hakutaka kumuua mtu. Hilo ni kweli na lisemwe. Lakini pia hakuwa amefanya vile kwa wema, na hilo nalo lisemwe. Alitaka kumwona Truphena akishika ukuta tena, mbele ya wale wamama wote.

Magoti yalirudi haraka kuliko alivyotarajia. Ila hayakurudi peke yake. Truphena alianza kukataa chakula, yeye aliyekuwa akimaliza sufuria. Akawa analala kutwa. Akisimama, macho yanapoteza nuru, anakaa tena. Alilamba majivu yake kwa uaminifu, akaongeza kijiko, na hali ikazidi kuwa mbaya. Kisha akapata mafua, mafua ya kawaida tu yaliyokuwa yakizunguka mtaa mzima, na yale mafua yakamwangusha. Majirani walimkuta kwenye bomba la maji amelala kando ya mtungi, ametapika, mwili baridi na jasho linamtiririka.

Aluoch, dada yake Willis, alikuja mbio kutoka mtaa wa Tena na wamama wa maombi nyuma yake. Alitaka mama aombewe palepale sakafuni. Willis, ambaye katika maisha yake yote hakuwahi kumpinga dada yake, siku hiyo alimsukuma pembeni, akambeba mama yake mgongoni mpaka barabarani.

Hospitalini walimtundikia dripu. Walimpima sukari ikawa chini, wakampa sukari. Walimpima presha ikawa chini, wakamwongezea maji, na presha ikakataa kupanda. Daktari wa zamu aliitwa Kanyiva, mwanamke mfupi mwenye sauti kavu. Alimbonyeza mgonjwa tumbo, akaona michirizi ya zambarau. Akatazama ule uso wa duara, akainua mkono wenye alama, akaurudisha polepole.

"Huyu mama anatumia dawa gani?"

"Hatumii dawa," Aluoch alijibu. "Kanisa letu halinywi dawa."

"Sijauliza kanisa. Nauliza yeye. Dawa ya magoti? Ya pumu? Ya kunenepa? Ya kunywa, ya kulamba, ya kupaka?"

"Nimesema hakuna! Kama kuna kitu ameingiza mdomoni ni chakula cha huyu." Aluoch alimgeukia Ndanu. "Wewe ndio unampikia kila siku. Umemlisha nini mathe?"

Wamama wa maombi walimgeukia wote. Willis naye akamgeukia, na hilo ndilo lililomuuma Ndanu kupita mengine.

Ndanu alitazama kitandani. Midomo ya Truphena ilikuwa imepauka, ulimi umekauka, kifua kinainuka kwa shida. Mtu aliyemchukia zaidi duniani alikuwa anakwisha mbele yake, na yeye peke yake ndiye aliyejua jambo moja ambalo huyu daktari alikuwa akilitafuta. Akinyamaza, mama atakufa, na hakuna atakayejua kilichokuwa ndani ya kopo. Atalia matangani kama wengine, atarudi Mbotela na mume wake. Akisema, ndoa imekwisha hapo hapo, kwa kinywa chake mwenyewe.

"Alikuwa analamba unga," alisema. "Wa kutoka Gikomba, wa magoti. Kila siku, kwa miezi mingi. Niliumwaga. Nikaweka majivu."

Aluoch alimsogelea.

"Ulikuwa unakaa wapi huo unga?" Aluoch aliuliza kwa sauti ndogo.

"Chini ya godoro."

"Ulipita pazia?"

"Nilipita."

Aluoch alipiga yowe. Majivu hakuyajali sana. Pazia ndilo lililomtoa pumzi. Wamama walishika vichwa, mmoja akaanza kukemea mapepo. "Chira! Amemletea mama chira, na anasema hivi mdomo wazi!" Willis alisimama katikati, mikono inaning'inia, akarudia kama mtu asiyesikia vizuri, "Uliingia kwa mama? Ndanu, uliingia kwa mama?"

Daktari Kanyiva hakuwa na habari nao. Alikuwa amekwisha kumwita muuguzi, anataja jina la sindano na kipimo chake. Ilipoingia kwenye mshipa ndipo akawageukia.

"Sikilizeni, sitarudia. Juu ya kila figo kuna tezi ndogo, imekaa kama kofia. Hizo mbili zinatoa homoni inayoshika presha, inayoshika sukari, inayomwamsha mtu asubuhi. Ukiugua, hata mafua tu, zinatoa zaidi ili usianguke. Amri inatoka kwenye ubongo. Sasa hawa wauzaji wanasaga tembe zenye nguvu kama homoni hiyohiyo, wanachanganya na huo unga wao. Maumivu yanaisha, ndio. Mtu anaruka. Anavimba uso, halali, ana hasira, ana njaa. Lakini ubongo unaona homoni imejaa, unaacha kutuma amri, na tezi zinalala. Ni kama nyumba iliyozoea maji ya mkokoteni mpaka bomba lake likashika kutu. Halafu siku moja mkokoteni hauji. Mnaelewa? Huyu mama ndani yake hakuna maji."

"Kwa hivyo huyu alitaka kumuua," Aluoch alisema.

"Unga ndio uliokuwa ukimuua polepole. Kukatwa ghafla ndiko kulikotaka kumuua leo." Alimtazama Ndanu, na hapakuwa na huruma katika macho yale. "Ulifanya ujinga mkubwa. Ungekaa kimya saa moja zaidi ungekuwa muuaji."

"Lakini wewe pia si ni Mkamba?" mmoja wa wamama alisema. "Hawa wamejipanga!"

"Mama, mimi na huyu tumekutana sasa hivi. Kaa chini ama utoke nje."

Kabla jua halijatua presha ilikuwa imepanda. Truphena alifumbua macho, akaomba chai, akaambiwa yote na Aluoch mpaka mwisho, akanywa chai, kisha akainua kidole kile kilekile cha kanisani.

"Mtoeni huyu."

Wakamtoa. Lakini daktari alimfuata Ndanu kwenye korido, akamtia mkononi pakiti ya tembe. Wale ndani walikuwa wamekataa kuzishika. Alimweleza kwamba mgonjwa atameza moja kila asubuhi na chakula, na kwamba zitapunguzwa polepole kwa miezi mpaka tezi ziamke. "Asiruke," alisema. "Nimemwambia yeye pia, na amenisikia vizuri. Akiruka atarudi hapa, na safari hiyo huenda asipate wa kusema."

Truphena alirudi Shauri Moyo. Wamama wa maombi wakaweka kambi pale mbele ya pazia, wakiimba, wakipekua kabati na makopo wasije wakakuta najisi nyingine. Kuhusu unga, Truphena aliwaambia kwamba ni uongo wa Nyar Kamba, kwamba kulikuwa na majivu tu tangu mwanzo, ya uchawi, na kwamba sindano ya daktari haikufanya lolote, ni maombi yao. Wakaamini tena. Willis alimwambia mkewe kwamba mama ameitisha kikao, kitafanyika kanisani Jumapili mbele ya Mchungaji Odera, na yeye ataangalia wazee watasema nini. Ndanu alimuuliza kama yeye mwenyewe ana la kusema. Akasema ataangalia.

Na bado, kila alfajiri, mlango wa Truphena ulifunguliwa kidogo kabla wamama hawajaamka. Mikono miwili ilitoka. Ndanu aliweka tembe juu ya kiganja kimoja na kikombe cha uji katika kingine. Hawakusalimiana. Truphena alimeza, akarudisha kikombe, akafunga mlango. Mchana akamwita mchawi, alfajiri akanyoosha mkono. Ndanu alisaga meno njia nzima hadi Gikomba.

Jumapili ile Aluoch ndiye aliyefungua mlango. Alimwona Ndanu na kikombe cha uji.

"Leo mama amefunga. Ushuhuda hautolewi na tumbo lililojaa. Na wewe uji wako peleka kwenu."

Nyuma yake Ndanu alimwona Truphena amekaa kwenye kiti, tayari katika kanzu. Walitazamana. Truphena alifungua mdomo kama anayetaka kusema, akamtazama binti yake, akaufunga.

Kanisa lilijaa. Ndanu alikaa nyuma karibu na mlango, pakiti ndani ya mkoba, chupa ya maji mapajani. Waliimba, wakapiga ngoma, wakaimba tena, na jua likaanza kuchoma mabati. Truphena alipoitwa mbele alitembea kwa kushika migongo ya viti. Alishika maikrofoni kwa mikono miwili.

"Bwana asifiwe. Mimi nilikuwa nimekufa." Watu wakaitikia. "Adui aliingia nyumbani mwangu. Alipita pazia langu. Alitia mkono kitandani mwangu akaniwekea majivu. Lakini mimi sijui dawa! Tangu nizaliwe katika imani hii, dawa haijapita hapa!" Akagusa koo lake. "Leo nataka mchungaji amwambie mwanangu, huyo mwanamke atoke. Atoke kwa jina langu, atoke kwa nyumba yangu."

"Atoke!" kanisa likajibu.

Ndanu hakuyasikia maneno sana. Alikuwa akitazama jasho. Lilikuwa likimtoka Truphena juu ya mdomo, na midomo yenyewe ilikuwa imeanza kupauka vilevile. Mkono mmoja ulishuka kutoka kwenye maikrofoni, ukatafuta ukingo wa meza.

Yale maneno yalimrudia, hayakubadilika hata moja. Tuone maombi yatafanya nini. Sasa hakuhitaji hata kupita pazia. Alihitaji kukaa tu. Yatakuwa mapenzi ya kanisa zima, hakuna atakayemlaumu, wao wenyewe ndio waliomfukuza na uji wake. Alikaa na wazo hilo, akalipenda kidogo, na kulipenda huko kukamtia hofu. Alikwisha kulitenda mara moja, akaona matokeo yake kwenye kitanda cha hospitali.

Akasimama. Hakusimama kwa upendo, wala kwa kusamehe; alisimama kwa hasira. Alipita katikati ya viti, na watu wakadhani anakuja kutubu, wakampisha. Willis alimshika pindo la nguo, akamponyoka. Alifika mbele. Akatoa tembe kwenye pakiti, kila mtu akiona, akafungua chupa ya maji.

"Mama," alisema, "hujameza dawa yako ya leo."

Mpigaji akaiweka ngoma chini. Aluoch aliinuka. "Mama, mwambie! Mwambie hujui dawa!"

Mchungaji Odera alimtazama Truphena. Wamama walimtazama. Truphena alimtazama mchungaji, akamtazama binti yake, akaitazama ile tembe nyeupe kwenye kiganja cha mwanamke ambaye yeye mwenyewe alikuwa ameapa kumfukuza. Meza aliyoishika ilikuwa ikitikisika. Kwa muda alionekana kama atasema neno moja, lile neno ambalo kanisa lote lilikuwa limelisubiri, na Ndanu alijua kwamba akilisema atamwacha aanguke nalo.

Truphena akafungua kinywa.

Aliichukua tembe, akaimeza. Akanyang'anya chupa, akanywa kwa pupa mpaka maji yakamwagika kifuani, kanzu ikamganda mwilini. Hakuna aliyesema amina. Alijifuta mdomo kwa mkono, akamtazama mke wa mwanawe kwa chuki ileile ya miaka yote, haikupungua hata chembe. Maikrofoni ilikuwa bado mkononi mwake, na kila neno lilisikika mpaka nje barabarani.

"Kesho usichelewe."